Beatles Walirekodi Nyimbo Ngapi? Mafundo Yaliyofichika Ndani ya Hesabu ya 213

Mtu akiuliza Beatles, kundi la muziki la Uingereza, lilirekodi nyimbo ngapi, jibu atakalopewa mara nyingi ni 213. Akizidi kuuliza atakutana na wanaosema 217, wanaosema 216, na wengine watakaomtajia 188 kwa uhakika uleule. Mimi mwenyewe, nilipokaa na kalamu na karatasi nikaziandika nyimbo zote chini ya majina ya santuri zake, nilifika 209; nikarudia hesabu, nikapata 209 tena. Hakuna anayedanganya kati yetu. Kila jibu linatokana na uamuzi mdogo kuhusu kipi kihesabiwe kuwa wimbo, kipi kihesabiwe kuwa nakala ya wimbo, na kurekodi kupi kuwekwe kando kabisa. Mengi ya maamuzi hayo yalifanywa miaka mingi baada ya kundi kuvunjika.

Tuanze na kipindi chenyewe, ambacho ni kifupi kuliko watu wengi wanavyodhani. Santuri ya kwanza ya John Lennon, Paul McCartney, George Harrison na Ringo Starr chini ya nembo ya Parlophone, iliyokuwa ya kampuni ya EMI, ilitoka tarehe 5 Oktoba 1962. Albamu yao ya mwisho ilitoka tarehe 8 Mei 1970. Kazi yote inayobishaniwa imebanwa ndani ya muda usiotimia miaka 8, na sehemu kubwa yake ilifanyika katika jengo moja la studio lililopo mtaa wa Abbey Road, London.

Fundo la kwanza linatokana na desturi ya biashara ya santuri nchini Uingereza wakati ule. Santuri ndogo, yenye wimbo mmoja kila upande, ilikuwa bidhaa inayojitegemea, na Beatles pamoja na mtayarishaji wao George Martin walipendelea kwamba mnunuzi aliyekwisha kulipia wimbo kwenye santuri ndogo asiuzwe wimbo uleule tena ndani ya santuri kubwa. Hawakulifuata jambo hilo kila mara, kwani albamu yao ya kwanza ilibeba nyimbo 4 zilizokuwa tayari madukani. Hata hivyo walilifuata kiasi cha kutosha kulifanya tatizo kwa wahesabuji: “She Loves You”, “I Want to Hold Your Hand” na “Hey Jude”, ambazo ni miongoni mwa nyimbo zao zinazojulikana zaidi duniani, hazikuwemo katika albamu yoyote mpya ya Uingereza ya wakati wake. Tena kulikuwa na santuri za kati, zilizobeba nyimbo nne hivi. Ile iliyoitwa Long Tall Sally, ya Juni 1964, ilikuwa na nyimbo nne ambazo Mwingereza hakuweza kuzipata kwenye santuri nyingine wakati ilipotoka. Kwa hiyo aliyenunua albamu zote bila kukosa hata moja bado alikuwa hana dazeni kadhaa za nyimbo.

Marekani mambo yalikwenda vingine kabisa. Kampuni ya Capitol, ambayo ilikuwa mali ya EMI, ilizikataa santuri za mwanzo za kundi hili, hata “She Loves You” ikatolewa huko na kampuni ndogo. Ilipokubali hatimaye, haikuzichukua albamu za Uingereza kama zilivyo. Albamu ya Uingereza kwa kawaida ilikuwa na nyimbo 14, na ya Marekani 11 au 12, kwa kuwa huko mirabaha ya watunzi ilikokotolewa kwa kila wimbo uliomo kwenye santuri, na wimbo uliopunguzwa ulikuwa fedha iliyobaki mfukoni mwa kampuni. Nyimbo zilizopunguzwa hazikutupwa. Zilikusanywa, zikaunganishwa na zile za santuri ndogo, zikauzwa kama albamu nyingine ambayo Mwingereza hakuijua.

Athari yake inaonekana vizuri katika Revolver ya Agosti 1966. Toleo la Uingereza lina nyimbo 14. Nyimbo tatu kati ya hizo, zote za Lennon, Capitol ilikuwa imekwisha kuzichukua miezi miwili kabla kujazia albamu yake ya Yesterday and Today, kwa hiyo Mmarekani aliyenunua Revolver alipata nyimbo 11, na kati ya hizo mbili tu ndizo zilizokuwa za Lennon. Harrison, ambaye kwa kawaida alipewa nafasi ya kupenyezea wimbo mmoja au miwili, alikuwa na tatu. Msikilizaji huyo angeamini, kwa ushahidi wa santuri aliyoishika mkononi, kwamba Lennon alikuwa amechoka na kazi, ilhali alikuwa katika mojawapo ya vipindi vyake vya ubunifu mkubwa. Kulikuwa pia na wimbo wa “Bad Boy”, uliorekodiwa Mei 1965 mahsusi kwa ajili ya albamu ya Marekani. Waingereza waliupata Desemba 1966 tu, ukiwa umechomekwa katika mkusanyo wa nyimbo za zamani.

Hali hiyo ya nchi mbili kuwa na orodha mbili ilidumu kwa zaidi ya miaka 20. Iliisha pale nyimbo zilipohamishiwa kwenye CD mwaka 1987, kwa sababu kampuni ililazimika kuchagua mpangilio mmoja wa kuuza dunia nzima. Ulichaguliwa mpangilio wa Uingereza, isipokuwa kwa Magical Mystery Tour. Kazi hiyo ilitoka Uingereza Desemba 1967 ikiwa santuri mbili ndogo zenye nyimbo 6, lakini Wamarekani walikuwa wameongeza nyimbo 5 za santuri ndogo za mwaka huo na kuifanya albamu kamili. Kwa mara hii ya pekee, Capitol ilikuwa imefanya kitu ambacho hata Waingereza walikiona bora. Nyimbo zilizobaki bila makao, zile za santuri ndogo na za kati, zilikusanywa Machi 1988 katika juzuu mbili zilizoitwa Past Masters, ya kwanza ikiwa na nyimbo 18 na ya pili 15. Orodha rasmi tunayoitumia leo ilizaliwa hapo.

Hesabu ya orodha hiyo si ngumu, na msomaji anaweza kuifuata. Please Please Me na With the Beatles zina nyimbo 14 kila moja, A Hard Day's Night ina 13, kisha Beatles for Sale, Help!, Rubber Soul na Revolver zina 14 kila moja. Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ina 13, Magical Mystery Tour ina 11, na albamu ya 1968 iliyopewa jina la kundi lenyewe, ambayo wengi huiita Albamu Nyeupe, ina 30. Yellow Submarine inataka uangalifu, maana ina vipande 13, lakini 7 kati ya hivyo ni muziki wa okestra wa George Martin kwa ajili ya filamu, na viwili vilikuwa vimetolewa kabla kwingine, hivyo vinabaki vinne. Abbey Road ina 17 na Let It Be ina 12. Jumla ni 184. Ukiongeza 33 za Past Masters unapata 217, na hilo ndilo jibu la kwanza.

Kutoka 217 kwenda 213 ni lazima uondoe nyimbo nne zinazojitokeza mara mbili katika orodha: “Love Me Do”, “Get Back”, “Let It Be” na “Across the Universe”. Juu juu inaonekana kwamba jozi hizi nne ni za aina moja. Kwa kweli zinatofautiana sana, na hapa pana mambo ya kuvutia kuliko hesabu yenyewe.

“Love Me Do” ilirekodiwa mara tatu ndani ya miezi mitatu hivi, na kila mara kulikuwa na mpiga ngoma tofauti. Tarehe 6 Juni 1962 alipiga Pete Best, ambaye George Martin hakuridhika naye. Tarehe 4 Septemba alipiga Ringo Starr, aliyekuwa ndiyo kwanza amejiunga. Wiki moja baadaye, tarehe 11 Septemba, walipofika studio walimkuta Andy White, mpiga ngoma wa kukodiwa, na Ringo akapewa tari. Santuri ndogo ya Oktoba ilibeba kurekodi kwa Ringo. Albamu ya mwaka uliofuata ikabeba kwa White. Na baadaye santuri ndogo yenyewe ilipochapwa upya ikahamia kwa White pia. Namna ya kuzitofautisha ni rahisi hata kwa asiye mjuzi wa muziki: ukisikia tari, mpiga ngoma ni White. Utepe mkuu wa kurekodi kwa Ringo haukuhifadhiwa, kwa hiyo ilipotengenezwa Past Masters ilibidi sauti inakiliwe kutoka kwenye santuri iliyokuwa imesalimika. Katika jozi zote nne, hii ndiyo pekee ambamo watu waliingia studio mara mbili na kuupiga wimbo upya kutoka mwanzo hadi mwisho.

Jozi tatu zilizobaki ni nguo moja iliyoshonwa mishono miwili. “Let It Be” ya santuri ndogo ya Machi 1970 na ile ya albamu ya Mei zinatokana na upigaji uleule wa tarehe 31 Januari 1969. Kinachobadilika zaidi kwa sikio ni kipande cha gitaa la Harrison katikati, ambacho cha santuri ndogo kilirekodiwa Aprili 1969 na cha albamu Januari 1970, pamoja na namna sauti nyingine zilivyopandishwa au kushushwa. “Get Back” zote mbili ni za tarehe 27 Januari 1969, ila santuri ndogo imeungwa mwishoni na kipande kilichopigwa kesho yake, na ile ya albamu imetanguliwa na maneno ya utani na kumalizwa na kauli ya Lennon iliyonaswa juu ya paa la ofisi yao siku tatu baadaye. “Across the Universe” ilirekodiwa Februari 1968, ikakaa, kisha ikatolewa Desemba 1969 katika albamu ya kuchangisha fedha za kuhifadhi wanyamapori, ikiwa imeharakishwa na kutanguliwa na sauti za ndege. Mtayarishaji Phil Spector alipokabidhiwa tepe mwaka 1970 aliupunguza mwendo, akaongeza okestra na kwaya. Mwendo umebadilika, hata kimo cha sauti ya Lennon kimebadilika, lakini pumzi ni ileile.

Kwa hiyo kuondoa nne ni haki. Swali linalofuata ni kwa nini iishie nne, kwa kuwa katika orodha ya 213 bado mna marudio ambayo yamepona kwa sababu tu majina yake hayafanani na ya wenzake.

Nyimbo mbili za Kijerumani ni mfano. Tawi la EMI la Ujerumani lilisisitiza kwamba santuri hazitauzika huko zikiimbwa kwa Kiingereza, na mwishoni mwa Januari 1964, kundi likiwa Paris kwa maonyesho, liliwekewa siku ya studio. Hawakutokea, Martin ilibidi awafuate hotelini. Hatimaye waliimba “Komm, gib mir deine Hand” juu ya muziki uliokuwa tayari wa “I Want to Hold Your Hand”, maneno yakiwa mapya na vyombo vikiwa vilevile. Kwa “Sie liebt dich” hilo halikuwezekana. Utepe wa awali wa “She Loves You”, uliotenganisha vyombo na sauti za waimbaji, ulikuwa umefutwa baada ya santuri kutengenezwa, kama ilivyokuwa kawaida ya studio wakati huo, basi wakalazimika kupiga kila kitu upya. Tukisema tafsiri ya wimbo ni wimbo uleule, 213 inashuka hadi 211.

Kisha kuna “Revolution”. Tarehe 30 Mei 1968 kundi lilianza kurekodi toleo la polepole, na upigaji mmoja ukaendelea kwa zaidi ya dakika 10 hadi ukawa vurugu ya kelele. Lennon alitaka uwe santuri ndogo. McCartney na Harrison wakasema ni wa polepole mno. Julai wakaurekodi upya kwa kasi, magitaa yakiwa yameunganishwa moja kwa moja kwenye mtambo wa studio ili yakwaruze, na huo ndio uliowekwa nyuma ya “Hey Jude”. Ule wa polepole ukaingia Albamu Nyeupe kwa jina la “Revolution 1”, na ile vurugu ya mwishoni ikakatwa ikawa msingi wa “Revolution 9”, kipande cha zaidi ya dakika 8 kisicho na ubeti wala kiitikio. Orodha inahesabu vitu vitatu. “Revolution” na “Revolution 1” zina maneno karibu yaleyale na tuni ileile, wakati “Revolution 9”, inayotokana na utepe uleule wa Mei, haifanani na chochote. Mimi huondoa moja hapo na kubaki na 210, kisha naondoa wimbo mfupi wa marudio ulio karibu na mwisho wa Sgt. Pepper, ambao ni ule wa kufungulia ukiharakishwa, na ndipo ninapopata 209 yangu. Anayenipinga kuhusu huo wa mwisho ana hoja, kwa kuwa maneno yake yamebadilishwa na ulirekodiwa peke yake tarehe 1 Aprili 1967.

Jibu la 188 lina njia yake fupi. Beatles walianza kama kundi la kumbi za dansi, na wakati huo nyimbo za wengine ndizo zilizowalisha. Albamu yao ya kwanza ina nyimbo 6 za watunzi wengine, ya pili 6, Beatles for Sale 6, Help! mbili, nyingine 4 zilikuwa nje ya albamu, na mwaka 1969 wakagusa kwa sekunde chache wimbo wa mtaani wa Liverpool usio na mtunzi anayejulikana, “Maggie Mae”. Hizo ni 25. Ziondoe katika 213 na unabaki na 188 walizotunga wenyewe. Kati ya hizo, 22 ni za Harrison na mbili ni za Ringo peke yake. Nyingi zilizobaki zina majina mawili, Lennon na McCartney, hata pale mmoja wao alipokuwa hajachangia neno, kwa sababu walikuwa wamepatana tangu ujana kwamba kila kitakachotungwa na yeyote kati yao kiwe cha wote wawili.

Mapatano hayo yanatupeleka kwenye swali ambalo hesabu haiwezi kulijibu: Beatles ni nani ndani ya rekodi ya Beatles? Tarehe 14 Juni 1965 McCartney alirekodi nyimbo tatu katika siku moja. Mchana alipiga “I've Just Seen a Face”, wimbo wa kasi wa magitaa yasiyo ya umeme. Baada yake akaimba “I'm Down” kwa kupayuka hadi koo lilipaswa kuwa limechanika. Jioni akakaa peke yake na gitaa na kurekodi “Yesterday” kwa sauti laini ambayo haionyeshi dalili yoyote ya kazi ya mchana. Siku tatu baadaye wapiga fidla na sela wanne waliongezwa. Hakuna mwingine wa kundi aliyeshiriki, lakini wimbo unahesabiwa kuwa wa Beatles. Katika “Eleanor Rigby” hakuna hata mmoja wao aliyegusa chombo. Wanasikika wakiimba tu juu ya wapiga nyuzi wanane. “The Ballad of John and Yoko” ya Aprili 1969 ni Lennon na McCartney wawili tu, McCartney akiwa kwenye ngoma. Kwa upande mwingine, “I Me Mine”, wimbo mpya wa mwisho kuanza kurekodiwa kabla ya kundi kuvunjika, ulipigwa tarehe 3 Januari 1970 na watatu bila Lennon aliyekuwa Denmark, ukawa na urefu wa dakika moja na sekunde 34. Spector alinakili sehemu yake na kuirudia, akaurefusha hadi kukaribia dakika mbili na nusu. Sehemu hiyo iliyoongezwa, kwa maana fulani, haikupigwa na mtu yeyote.

Iko ngazi nyingine ambayo wengi huiruka, nayo ni ile ya mono na sterio. Hadi 1968 karibu kila wimbo ulichanganywa mara mbili, mara moja kwa spika moja na mara moja kwa spika mbili. Wateja wengi wa Uingereza walikuwa na mashine za spika moja, kwa hiyo kundi lilishughulikia toleo la mono kwa makini na mara nyingi likawaachia mafundi mitambo toleo la sterio. Kazi mbili zilizofanywa siku tofauti hazitoki sawa. “She's Leaving Home” ya mono ina mwendo wa haraka na kimo cha juu kuliko ya sterio. “Helter Skelter” ya sterio inapita dakika 4 na inamalizika kwa Ringo kulalamika kwa sauti kwamba vidole vyake vina malengelenge. Ya mono inaisha mapema na malalamiko hayo hayamo. Help! na Rubber Soul zilichanganywa upya na Martin mwaka 1987 kwa ajili ya CD, kwa hivyo aliyezijua kwa CD alisikia sterio tofauti na iliyouzwa 1965. Anayetaka kuhesabu kila kitu kinachosikika tofauti aanze mapema asubuhi.

Nje ya orodha rasmi kuna rundo la kurekodi ambako kundi hili lilifanya kwa jina lake au kwa majina mengine. Mwaka 1958 Lennon, McCartney na Harrison, wakiwa bado wanajiita Quarrymen, walikwenda kwenye studio ndogo ya nyumbani kwa Percy Phillips mjini Liverpool na kutengenezewa santuri moja tu, wakawa wanapokezana kukaa nayo. Ilibaki kwa mpiga piano wao hadi McCartney alipoinunua mwaka 1981. Juni 1961, mjini Hamburg, walimsindikiza mwimbaji Tony Sheridan katika “My Bonnie”, na santuri ilipotoka Ujerumani waliandikwa Beat Brothers. Tarehe 1 Januari 1962 walirekodi nyimbo 15 za majaribio katika kampuni ya Decca, wakakataliwa. Kati ya Machi 1962 na Juni 1965 walipiga BBC nyimbo 88 tofauti, baadhi zikirudiwa hadi kufikisha rekodi 275, na 36 kati ya nyimbo hizo hazikuwahi kutoka kwenye santuri yoyote wakati kundi likiwa hai. Ukiziongeza hizo tu, 213 inapanda hadi karibu 250.

Mwaka 2013 ulileta sababu mpya ya kutoa vitu vya kabatini, nayo ilikuwa sheria. Nchi za Umoja wa Ulaya zilirefusha hakimiliki ya sauti zilizorekodiwa kutoka miaka 50 hadi 70, lakini ulinzi huo wa ziada haukuzifikia rekodi ambazo hazikuwa zimetolewa ndani ya miaka 50. Desemba mwaka huo, rekodi 59 za mwaka 1963 ziliwekwa kwenye duka la intaneti bila shamrashamra nyingi. Baadhi ni za BBC, baadhi ni majaribio ya studio yenye makosa na vicheko, na naamini wengi wa walionunua hawakujua kwamba walikuwa wanatazama kampuni ikiwahi tarehe ya mwisho.

Hata ndani ya orodha, kuingia au kubaki nje kumewahi kuamuliwa na kijana wa zamu. Wakipanga mfululizo wa nyimbo fupi za upande wa pili wa Abbey Road mwaka 1969, McCartney hakupenda namna “Her Majesty” ilivyokaa katikati akaagiza ikatwe na itupwe. John Kurlander, msaidizi wa tepe, alikuwa amefundishwa kwamba hakuna kitu cha Beatles kinachotupwa, basi akakiunganisha kipande hicho mwisho wa utepe baada ya kimya kirefu. Walipousikiliza, McCartney akaupenda ulivyotokea kwa kushtukiza, wakauacha. Ndiyo maana wimbo huo wa sekunde 23 unaanza kwa mshindo mkubwa usiohusiana nao, ambao ni noti ya mwisho ya “Mean Mr. Mustard” uliokuwa jirani yake, na unakatika bila noti yake ya kumalizia, iliyobaki upande wa pili wa mkato. Unahesabiwa moja, sawa na “Hey Jude” yenye dakika 7. “Carnival of Light”, kelele na sauti za dakika zipatazo 14 walizorekodi tarehe 5 Januari 1967 kwa ajili ya tamasha moja la London, haijawahi kutolewa rasmi na haihesabiwi.

Zimebaki tatu zinazofanya wengine waseme 216. Lennon aliuawa Desemba 1980, akiacha kanda za kaseti alizojirekodi nyumbani New York akiwa na piano. Wenzake watatu walizitumia kukamilisha “Free as a Bird”, iliyotoka mwishoni mwa 1995, na “Real Love”, ya Machi 1996. Waliujaribu na wimbo wa tatu, “Now and Then”, wakauacha kwa kuwa piano ilikuwa inaimeza sauti ya mwimbaji na mvumo wa umeme umetanda kwenye kaseti. Harrison alifariki Novemba 2001. Miaka 20 baadaye, mafundi wa mwongozaji filamu Peter Jackson walikuwa wamefundisha kompyuta kutenganisha sauti ya mtu na ya chombo hata kama zilinaswa pamoja, na sauti ya Lennon ikatoka peke yake, safi. McCartney na Ringo wakaongeza sehemu zao, gitaa alilopiga Harrison mwaka 1995 likarudishwa mahali pake, na wimbo ukatolewa tarehe 2 Novemba 2023. Wiki moja baadaye uliwekwa katika toleo jipya la mkusanyo wa nyimbo za 1967 hadi 1970, miaka ambayo haukuwa umetungwa. Past Masters imebaki na nyimbo zake 33, kama ilivyopangwa mwaka 1988.